Kabla ya Kubomoa Ukuta wa Ofisi, Soma Hati

Wizara zilipohamia Mji wa Serikali kule Mtumba, baadhi ya wenye majengo ya Dodoma mjini walibaki na ghorofa tupu. Mjomba wangu ni mmoja wao, na mimi ndiye niliyesimamia kuligeuza jengo lake kuwa nyumba za familia. Kila anayeniuliza namwambia: anza na makaratasi na mabomba. Rangi na vigae vitasubiri.

Fungua hati ya kiwanja utafute mstari wa matumizi. Ukikuta "makazi na biashara", mshukuru Mungu, sehemu ngumu ya safari umeiruka. Ukikuta biashara au ofisi peke yake, usipangishe familia kabla hujaomba mabadiliko ya matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Maombi hutangazwa, na majirani wana haki ya kupinga. Tazama pia muda wa hati yenyewe. Za enzi za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, zilikuwa za miaka 33. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017, kazi zake zikaenda halmashauri, na hati zikaanza kubadilishwa kuwa za miaka 99. Kama yako bado ni ya zamani, maliza hilo kwanza.

Majirani wafuate kwao kabla hawajasoma tangazo. Mzee wa nyumba ya nyuma yetu aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, maji machafu ya familia zote hizo yataenda wapi?" Nilimkunjulia mchoro, nikamwonyesha chemba mpya na mahali gari la kunyonya litakaposimama. Hakupinga. Na alikuwa na haki ya kuuliza, maana mtandao wa majitaka wa mji huu haufiki kila mtaa.

Sasa mabomba, ambako ndiko pesa inakoishia. Ofisi huwa na vyoo vya pamoja, pengine kona moja ya kila ghorofa, ilhali kila familia inataka choo, bafu na sinki la jikoni. Usivitawanye. Vipange kimoja juu ya kingine, ghorofa hadi ghorofa, karibu na bomba kuu la zamani, utapunguza sana kutoboa zege. Maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, huja kwa mgao, kwa hiyo utahitaji simtanki kubwa, na lita elfu moja ni tani nzima juu ya paa. Mwite mhandisi alipime paa hilo; fundi wa mtaani asikuambie "litabeba tu, bosi".

Vyumba vya katikati visivyo na dirisha usiwalaze watu. Joto la Dodoma la Novemba halivumiliki humo. Vifanye stoo. Mita za LUKU omba mapema, kila nyumba na yake, kabla mafundi umeme hawajafukia nyaya ukutani.