Kundi la wasiokula nyama: watu wabaki vipi?

Ndugu yangu, umesema kundi lenu la wasiokula nyama hapo Dar lilijaa mwanzoni, sasa mmebaki wachache na mabishano ya mayai. Hayo mabishano ndiyo yanayowafukuza. Msabato, Mhindu wa Kisutu na kijana aliyeshauriwa na daktari wameacha nyama kwa sababu tofauti. Mmoja anakunywa maziwa, mwingine hata asali hagusi. Amueni jambo moja tu: sufuria ya pamoja haiingii nyama, samaki wala dagaa. Mengine kila mtu na sahani yake.

Halafu pikeni! Watu hawarudi kusikiliza mahubiri. Wanarudi kwa kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa mpaka kikaiva kweli, ndipo karanga na tui zito vikafuata. Mgeni naye mpeni mbuzi akune nazi (huyo mbuzi ruksa), asikae kama mkaguzi.

Na vitamini B12 msiifiche: mimea haitoi ya kutegemea. Asiyegusa maziwa wala mayai anahitaji vidonge vyake au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Mkinyamaza, siku akiishiwa nguvu atawalaumu ninyi, kisha mtamkuta kwenye mishikaki.