Niliwaambia wazee walie kama wanyama, sasa siwezi kuwatazama usoni

Shikamoo Shangazi. Mimi ni katibu wa mfuko wa familia. Sisi ni Wazaramo, tunakutana kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kwa mama, Mbagala, watu zaidi ya 20. Vikao vimekuwa vikavu: mahudhurio, michango, faini, dua, watu wanakula na kutawanyika. Vijana wako kwenye simu. Shemeji yetu, Mnyamwezi wa Tabora, anakaa mlangoni peke yake. Mdogo wangu wa kike haji tena tangu mama mdogo alipomuuliza mbele za watu ataolewa lini. Mwezi uliopita nikaleta mchezo niliojifunza kwenye semina ya kazini: kila mtu ataje jina lake, kisha alie kama mnyama anayempenda. Nikaanza na wakubwa, kwa heshima. Baba mkubwa akasema, "Nimezika ndugu wawili wa familia hii, leo unataka nilie kama mbuzi?" Watu kimya. Mdogo wangu wa kiume alirekodi yote, akaitupa kwenye grupu la WhatsApp. Niache, nirudi kwenye hesabu zangu, au kuna namna?
Katibu, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Pole, ingawa sitakuficha kwamba pale kwenye mbuzi nimecheka.

Usiache. Ila naona umeshahukumu kwamba wazee wako hawataki michezo, na hapo ndipo tunapopishana. Siku moja pita kijiweni kwao saa kumi na moja jioni. Utawakuta wanaume wa umri wa baba mkubwa wameinamia ubao wa drafti, vizibo vya soda vimepangwa, mmoja anamwambia mwenzake arudi chekechea akajifunze kuhesabu. Akila tatu kwa mkupuo anagonga ubao, anasimama, anawaita hata wapita njia waje washuhudie. Mzee mwenye wajukuu huyo! Hakuna aliyemwita kwa jina acheze, na akichoka anajipangusa suruali anaondoka. Wewe ulimsimamisha wa kwanza, watoto wa ndugu zake wanamtazama, daftari la faini liko mkononi mwako. Angekubali angejiona amedhalilika, na alipokataa ukadhalilika wewe. Ulimwachia njia gani nyingine?

Mchezo wa semina una mahali pake. Watu hawajuani, saa kumi kila mmoja anapanda daladala lake, na aliyelia kama paka Morogoro hakuna atakayemkumbusha akirudi Kigamboni. Nyinyi mnajuana tangu mnavaa chupi. Hamhitaji kutajiana majina.

Na ruhusa ya kuchezeana mnayo, mmerithi, mmeiacha kabatini tu. Bibi na mjukuu wake ni watani. Binamu ni watani. Shemeji ndiyo usiseme. Na juu ya hayo wewe Mzaramo umeniandikia kwamba mnaye Mnyamwezi ndani ya nyumba na mmemweka mlangoni! Mwanangu, mtani wenu huyo. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na misafara ya pembe wakipita Uzaramo, na watu wa pande mbili hizi wametaniana mpaka leo. Katika familia yenu nzima huyo ndiye mwenye leseni ya kumwambia baba mkubwa neno ambalo wewe ukilisema utaitiwa kikao cha dharura.

Baba mkubwa mwenyewe analijua hili. Kama kweli amezika ndugu wawili kimila, basi aliwaona watani pale msibani: mmoja anaigiza mwendo wa marehemu, mwingine anazuia shughuli mpaka atolewe chochote, wafiwa wanacheka na machozi hayajakauka. Kwa hiyo usilichukue lile jibu lake kwamba familia yenye misiba haifai kucheza. Alikuwa anakwambia kwamba wewe, mtoto wa ndugu yake, huna cheo cha kumwambia alie kama mnyama. Na hapo, samahani, ana haki.

Sasa kikao kijacho. Nakuomba mchezo usiuandike kwenye ajenda. Ukitangaza "sasa tutachangamka" kila mtu anakaza shingo. Malizeni pesa kwanza, zote, maana mwenye deni la miezi mitatu hawezi kucheka huku anasubiri jina lake lisomwe. Daftari lifungwe, liingie kwenye mkoba, mkoba uende chumbani. Na kazi ya chakula usiimalize mapema kama unavyofanya, nakujua. Bakiza kitu cha mikono: mchele wa kuchambua, nazi za kukuna, vitunguu vya kumenya. Sambaza masinia ukumbini, moja lipeleke mlangoni kwa shemeji. Mtu mwenye sinia mapajani simu anaiweka chini bila kupigwa faini, na mdomo unabaki hauna kazi.

Hapo anahitajika mtu mmoja wa kuanza, na si wewe. Kama bibi yupo, muombe yeye. Kama hayupo, nenda kwa baba mkubwa siku mbili tatu kabla, na sukari kilo moja, umtake radhi kwa kifupi bila kulia lia, halafu umwambie watoto wa siku hizi hawajui hata kitendawili kimoja. Usimwambie afanye nini. Mwachie hiyo.

Kitendawili nakutajia kwa sababu yake. Akisema "Kitendawili!", hata kijana aliyezama kwenye simu mdomo wake utasema "Tega!" kabla yeye hajajua. "Mzee Kombe akilia watu hufurahi." Watabahatisha: jogoo, muadhini, redio. Bahatisheni kwa fujo, anayekosea azomewe. Mkishindwa, mtegaji anadai mji, na mji ndio utamu wenyewe. Mpeni Tabora. Atasafiri mpaka Tabora hapo hapo kwenye kiti, atawasimulia jinsi wenyeji walivyompokea, alivyokula maembe, alivyokaa mwezi mzima analishwa, ndipo aseme jibu ni mvua. Sasa nitajie Mnyamwezi atakayekaa kimya mlangoni Mzaramo akijitapa amelishwa mwezi mzima Tabora bila hata kushika jembe. Atadai nauli. Atadai maembe yake. Atauliza mwenyeji alikuwa nani. Mkifika hapo wewe endelea kukuna nazi yako, umemaliza kazi ya ukatibu.

Vijana nao wana vyao. Kuna mmoja atataka kumfundisha mama kuruka singeli. Msimzuie, na mama akikataa msimvute mkono.

Kuhusu ile video: muombe mdogo wako aifute kwa kuwa baba mkubwa yumo, wala usijieleze zaidi ya hapo. Wewe mwenyewe, jiandae. Siku moja utakuwa unasoma mahesabu, na kutoka pembeni utasikia "Meee." Huenda akawa binamu, huenda akawa shemeji. Ukinuna, umewafungia mlango wote. Cheka, kisha mpige faini ya 2,000 ya mbuzi kuingia kikaoni bila kibali, na asilipe.

Limebaki la mdogo wako wa kike, na kwangu hili ni zito kuliko la mbuzi. Unalalamika kwamba kwenu hakuna kicheko, kumbe siku ile kilikuwepo, yeye ndiye aliyekilipia. Bibi angemuuliza vile vile ataolewa lini, yeye angejibu, "Namsubiri babu akuache, nimchukue," nyumba nzima ingeanguka kwa kicheko na bibi angemfukuza na ufagio. Bibi anajibika. Mama mdogo ni mama. Swali lake halina jibu la utani, binti anaweza tu kutazama chini au kuondoka. Akaondoka. Basi iangalieni kila dhihaka: anayetupiwa anaweza kuirudisha? Mdogo kwa baba yake, mkwe kwa mama mkwe, mwenye deni kwa mhazini, hawawezi, waacheni. Na yapo ambayo hata mtani wa damu hayagusi mbele ya watu: kukosa mtoto, ndoa iliyovunjika, ugonjwa, ajira iliyopotea.

Kwa hiyo kabla hujatafuta wa kutega vitendawili, zungumza na mama mdogo faraghani. Ukiona huwezi, mtume mama yako, ni mdogo wake, atamsikia. Asilazimishwe kuomba radhi kikaoni, hilo litamrudisha binti mbele za watu mara ya pili. Mdogo wako mpigie simu, usimwandikie kwenye grupu. Usimwambie vikao vimebadilika, maana bado havijabadilika. Mwambie kuna nazi nne za kukuna na unataka mtu wa kukaa naye jikoni, na kwamba akitaka kuondoka kabla ya chakula utamfungia pilau lake kwenye hotipoti.

Wako,
Shangazi