Akapela Mbeya: tafuta masikio kwanza

Ukitaka kuanzisha kikundi cha akapela, yaani cha kuimba bila chombo, hapa Mbeya, sauti hutazikosa. Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kuimba sauti nne (soprano, alto, tena na besi) kumeota mizizi huku kiasi kwamba hata msibani, wimbo ukianzishwa tu, besi inajipanga yenyewe bila mtu kuambiwa. Ndiyo maana vijana wanaotoka kwenye kwaya hudhani kazi ni ndogo: chukua soprano mkali, chukua mwimbaji wa tena anayepanda juu, ondoa kinanda, basi. Baada ya muda mfupi kikundi hakipo.

Kinanda kinasitiri mengi. Kikiondoka, kila mtu inabidi asikie wenzake huku akitoa sauti yake, na uwezo huo hauji kwa sababu tu mtu ana koo zuri. Usimpime mwimbaji mpya kwa kumwambia aimbe peke yake wimbo anaoupenda. Hapo kila mtu ni nyota. Mpe mstari wa alto au tena, simama karibu naye, uimbe sauti nyingine. Halafu mwambie apunguze sauti na aendelee. Anayepandisha sauti kila akikusikia anajiziba masikio, na atafanya hivyohivyo jukwaani. Mimi namchukua mwenye sauti ya kawaida anayebaki kwenye mstari wake kwa upole, namwacha bingwa wa kwaya anayefunika wenzake. Watu watakulaumu. Wavumilie.

Idadi: anza na wanane, wawili kila sauti. Kikundi cha wanne ni kizuri kusikiliza, lakini alto wako mmoja akienda Tunduma kufuata mzigo, mazoezi yamekufa. Mkiwa wawili kwenye sauti mnaweza pia kupokezana pumzi, noti ndefu ikaendelea bila kukatika. Na ukichukua wanafunzi wa vyuo, jua kwamba likizo watatawanyika, na mvua za Novemba na Desemba zikianza, wenye mashamba nao utawatafuta. Panga ratiba ya mwaka ukilijua hilo, usikubali harusi ya msimu huo kabla ya kuuliza nani atakuwepo mjini.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa vikundi vyote visivyo na chombo: kushuka ufunguo. Mnaanza wimbo kwenye G, mnamaliza F kasoro, na nyie wenyewe hamjui. Jirekodi kwa simu, wimbo ukiisha bonyeza noti ya mwanzo kwenye programu ya kinanda. Utapata aibu, lakini utajua.

Sauti haishuki kila mahali kwa kiasi kilekile. Angalia noti inayorudiwarudiwa mahali pamoja: kila mkiirudia inalegea kidogo. Angalia mstari unaopanda hatua kwa hatua, watu hupiga hatua fupi. Ukishuka, hupiga ndefu mno. Angalia mi na ti, noti ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka do, hizo huchoka kwanza. Na angalia mahali pa kuimba polepole na kwa sauti ndogo, kwa sababu watu wakipunguza sauti hulegeza na pumzi. Dawa yangu ni kuacha maneno kabisa. Besi washike do, wengine waimbe mistari yao kwa "nu", taratibu, mpaka kila akodi, yaani noti zinazolia pamoja, itulie. Maneno yarudi baadaye. Wanaokuja kwa ajili ya kuburudika wataona ni adhabu, na hapo pia utajua nani ni wa kukaa.

Juni na Julai anzeni na mihemo na sauti za chini kwa muda mrefu kuliko kawaida. Baridi ya asubuhi ya huku si ya mchezo, na koo lililokaza linashusha ufunguo kabla hata hamjaanza.

Irabu nazo. Waimbaji wawili wa tena wakitamka "e" tofauti, mmoja mdomo wazi, mwingine kaubana, akodi inachafuka hata kama noti ni sahihi. Kwa nyimbo za Kinyakyusa kuwa makini zaidi: lugha hiyo ina irabu saba, na mwimbaji asiye wa huko atazibana zote ziwe tano za Kiswahili. Mwenye lugha asome, wengine wafuate mdomo wake.

Fundisheni solfa, yaani kuandika noti kwa herufi za do, re, mi. Herufi za d r m zinaandikika kwenye ujumbe wa kawaida wa simu, kwa hiyo aliyekosa mazoezi Jumatano anatumiwa mstari wake na Jumamosi anakuja anaujua.

Mahali pa mazoezi pawe katikati, mfano Mafiati au Mwanjelwa, ili wa Uyole na wa Mbalizi wote wafike kwa daladala moja. Malizeni mapema; usafiri ukipungua usiku, dada zetu ndio wanaoacha kikundi kwanza, na hawatakuambia sababu.

Mwalimu wa muziki asiwe mwenyekiti wala asishike hela. Mtu anayekukosoa noti kila siku akiwa pia ndiye anayekugawia posho, kila kosa la noti linageuka ugomvi. Mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wote, hata kama ni nauli tu. Jisajilini BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kabla ya kuanza kulipwa, na wimbo wa mtu mwingine msiurekodi kuuza bila ruhusa yake. Mkitaka kujua taratibu, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wenye kazi hiyo.

Harusini ongeeni na mtu wa muziki kabla ya wageni kuingia. Maiki mbili zilizosimama mbele ya nusu duara zinatosha. Maiki ya kupokezana mkononi inaua uwiano wote. Mwambie apunguze mwangwi, azime kabisa muziki wa chini, maana ufunguo wa spika yake na wenu havitapatana. Na MC ajue kwamba mnahitaji ukimya kabla ya noti ya kwanza. Hayo yaandikeni kwenye makubaliano pamoja na malipo ya awali, nusu kabla ya siku yenyewe, kwa sababu usiku bwana harusi akishaondoka, kamati haipokei simu.