Anza na kinu cha kwenu

Mwaka wangu wa kwanza wa kujazia watu nyimbo kwenye fleshi, hapa Lubumbashi, niliharibu harusi ya mtu. Kijana alikuja kibandani kwangu, karibu na soko la mtaa wetu wa Kenya, akitaka "kitu cha asili" cha kuwafurahisha wajomba zake waliokuwa wanatoka kijijini, upande wa Bukama. Nilikuwa na kaseti moja niliyoigeuza kuwa faili. Haikuwa na jina la mwimbaji wala mwaka. Mtu alikuwa ameandika tu "Baluba" kwa biki. Sauti ya mwanamke, nzito, tamu, na ngoma kwa mbali. Nikamtilia. Jioni ile kule Ruashi, bukari, yaani ugali, ikiwa mezani, wimbo ukaanza, mjomba mkubwa akasimama na kuvua kofia. Wazee wenzake wakanyamaza. Kumbe ulikuwa wimbo wa kulilia maiti. Kijana alirudi kesho yake kuniambia, hakunitukana hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Ninyi wadogo zangu mnaoanza kutafuta rekodi za muziki wa asili wa dunia mnaniita Yaya, yaani mkubwa wenu, na mnaniuliza kila siku: "Yaya, nianzie wapi?" Mnataka niwape anwani za intaneti. Nitawapa chache. Lakini anwani si shida. Mtu mwenye simu na mega za kutosha atazipata mwenyewe ndani ya usiku mmoja. Shida ni kwamba baada ya wiki mbili atakuwa na nyimbo mia nne ambazo hajui zilikuwa zinafanya kazi gani.

Kwa hiyo, maelezo kwanza, sauti baadaye. Chukueni Folkways, kampuni ya kurekodi muziki ambayo Moses Asch aliianzisha New York mwaka 1948. Alipofariki mwaka 1986 alikuwa ametoa sahani za muziki zaidi ya 2,000, na Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ilipozichukua mwaka 1987 ilikubali kwamba zote zitaendelea kupatikana, hata ile isiyonunuliwa na mtu. Karibu kila sahani ilikuwa na kijitabu ndani: nani anaimba, wapi, kwa nini, maneno yanasema nini. Nyimbo zinauzwa, lakini vijitabu hivyo vimewekwa bure. Kijitabu hakili mega nyingi. Kishushe, kisome ukiwa kwenye busi ya kwenda Kasapa, halafu ndipo uamue kama wimbo unastahili pesa yako. Mimi nimesoma vijitabu vingi kuliko sahani nilizosikiliza, na sioni aibu.

Sasa, majina. Hapa wengi hukwama, hutafuta kwenye maktaba za sauti na kusema "Kongo haimo." Imo, ila imeandikwa kama ilivyoitwa siku ile. Ukitafuta Lubumbashi ya 1952 hutaipata, andika Elisabethville. Likasi ni Jadotville, Bukavu ni Costermansville, Kalemie ni Albertville. Likembe, ile ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, huenda ikaandikwa "sanza". Hata jina la kabila jaribu kwa namna tatu: Luba, Baluba, Kiluba. Mimi nina daftari la majina hayo tu, kurasa mbili, na limenifaa kuliko kompyuta yenyewe.

Kwa njia hiyo ndipo nilipomkuta Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville mwaka 1952. Gitaa moja, kidole gumba na cha shahada tu, na Kiswahili cha kwetu kabisa. Nilikuwa namjua kwa jina kama tunavyowajua wazee wote wa Katanga, lakini kumsikia akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu ni jambo jingine. Tracey alianzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika mwaka 1954 kule Afrika Kusini, na leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji wa Makhanda. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, nalo lina rekodi nyingi za nchi yetu. Anzeni na hizo mbili. Si kwa sababu ya uzalendo. Ni kwamba sikio hujifunza kwa kulinganisha, na huwezi kulinganisha na kitu usichokijua.

Ukishaizoea ya nyumbani, toka nje, ila usitoke kwa ramani. Hapa mniruhusu nirefushe kidogo, maana ndilo jambo nililolipata kwa taabu. Watu wengi husikiliza kwa nchi: leo Mongolia, kesho Peru, keshokutwa Bulgaria. Baada ya mwezi vyote vimekuwa uji mmoja kichwani. Mimi natafuta kwa kazi. Nilianza na kinu. Katika mtaa wa Katuba kuna mama ninayekula kwake, na akitwanga sombe, majani ya muhogo, na binti zake wawili, michi mitatu katika kinu kimoja, haigongani hata mara moja. Wanaimba ili isigongane. Nikajiuliza ni wapi kwingine duniani watu huimba ili mikono isigongane.

Nikawapata wafungwa wa gereza la Parchman, Mississippi, Marekani, ambao Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za watu, aliwarekodi mwaka 1947 na tena 1959, wakikata magogo: shoka zinashuka pamoja, na mlio wa shoka ndio ngoma. Rekodi za Lomax ziko kwenye intaneti, zinasikilizwa bure. Nikawapata wafanyakazi wa posta ya Chuo Kikuu cha Ghana, waliorekodiwa na mtafiti wa muziki James Koetting mwaka 1975 wakigonga mihuri kwenye stempu. Mmoja anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani, wengine wanatia midundo kwa mihuri na mikasi. Ukimsikilizisha mtu bila kumwambia, atakuambia ni bendi.

Halafu nikawapata wanawake wa visiwa vya magharibi ya Uskoti. Zamani kitambaa cha sufu kikitoka kwenye mtambo wa kufumia kilipaswa kupigwapigwa mezani kikiwa kimeloa, ili nyuzi zishikane na kitambaa kiwe kizito. Wanawake walikaa kuizunguka meza, mmoja akianza ubeti na wengine wakiitikia, na kitambaa kikizunguka toka mkono hadi mkono. Mkusanyo wa intaneti unaoitwa Tobar an Dualchais unazo nyimbo hizo nyingi, pamoja na majina ya waimbaji na kijiji. Nikampelekea mama wa Katuba simu, nikaweka sauti juu. Akasimamisha mchi, akasikiliza mpaka mwisho bila neno.

"Wanatwanga nini?"

"Nguo, mama."

"Nguo? Imewakosea nini?"

Binti zake walicheka hadi kukaa chini. Lakini baadaye alirudi mwenyewe: "Yule anayeanza ni mkubwa wao. Ona, wengine hawaingii mpaka ametua mkono." Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule mara kumi bila kuliona hilo. Sikumwambia kwamba zamani kitambaa kile kililowekwa kwa mkojo uliochacha, maana ilikuwa saa ya kula.

Kwa hiyo chagua kazi moja. Kubembeleza mtoto, kuvuta wavu, kuzika, kuozesha binti. Kaa nayo miezi mitatu. Nyimbo za kubembeleza ni rahisi kwa anayeanza, kwa sababu kila lugha inazo, na hazidanganyi: mtoto akilala, wimbo umefanya kazi.

Mashine nazo ziangalieni. Sahani ya zamani ya mizunguko 78 ilibeba kama dakika tatu upande mmoja, na mitungi ya nta iliyotumika kurekodia kabla yake haikuzidi sana hapo. Ukisikia wimbo unakatika ghafla, usiseme "hivi ndivyo walivyoimba". Huenda ngoma iliendelea mpaka asubuhi. Tena mitungi ile ilizungushwa kwa mwendo usio sawa, ndiyo maana watu wa kumbukumbu ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, walimtaka anayerekodi apulize kwanza filimbi ndogo ya sauti moja inayojulikana, ili anayesikiliza baadaye ajue mwendo. Ukikuta mluzi mwanzoni mwa rekodi ya zamani, usiukate kwa kudhani ni uchafu. Mimi niliukata.

Kuhusu kunakili na kuuza: vya bure sikilizeni bure, vya kuuzwa msiviuze kibandani. Najua ninayoyasema, nimekuwa upande wa pili.

Na siku mtakapoanza kurekodi wenyewe, maana mtaanza, andikeni jina la aliyeimba. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha angani vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja na sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, na ndani yake kuna wimbo wa wasichana wa msitu wa Ituri, wa unyago, kama dakika moja hivi. Uko mbali kuliko sauti yoyote iliyowahi kutoka Kongo. Katika orodha ya nyimbo za sahani hiyo limeandikwa jina la aliyerekodi, Colin Turnbull. La msichana hata mmoja halimo. Simu yako ina mahali pa kuandika jina la faili; jaza jina la mtu, kijiji, tarehe, na kazi iliyokuwa inafanyika, kabla hujainuka ulipoketi. Ukisema utaandika ukifika nyumbani, umeme utakuwa umekatika, simu imezima, na wewe umesahau.

Mama wa Katuba yeye tayari yuko kwenye fleshi yangu, na binti zake, majina yote matatu. Kila nikipita bado ananiuliza kama wale wanawake wamemaliza kuipiga ile nguo.