Kiwanja cha Dodoma kitazame mvua ikinyesha

Leo ni siku ya nne mvua inanyesha, na kwa Dodoma hilo si jambo la kila mwaka. Kwetu Bukoba siku nne za mvua hazimtoi mtu ndani. Hapa watu wanasimama barazani kuitazama. Jana jioni watoto wa jirani walikamata kumbikumbi beseni zima, na mlenda pembezoni mwa mashamba umeshafika wa kuchuma. Mimi niko dirishani, macho kwenye korongo lililo nyuma ya nyumba, maana lilinifundisha kwa gharama kubwa na sipendi mtu mwingine alipie somo lile lile.

Kiwanja hiki nilikinunua mwezi Septemba. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Mnunuzi anayekuja Septemba anaona ardhi iliyolala, kila mahali sawa na kwingine. Dalali alinipeleka hadi nyuma ya kiwanja, akachota mchanga mweupe, safi kabisa, akaniambia, "Mama, hapa mchanga wa kujengea hununui hata lori moja." Nilifurahi mno. Sikujiuliza ni nani aliyeuleta ule mchanga.

Bibi mmoja wa pale, anayechunga mbuzi wake jirani, alisimama siku tunachimba msingi. Baada ya salamu akasema, "Mwanangu, hapo maji yana njia yao." Nilimwitikia kwa heshima, nikamshukuru, fundi akaendelea kuchimba.

Januari ilipofika, maji yakaja usiku, saa saba. Kwetu palikuwa na manyunyu tu. Mvua kubwa ilinyesha juu huko vilimani, na ardhi yetu hii ngumu, yenye miti michache, haimezi maji kwa haraka. Nilisikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima kwa gia nzito. Kulipopambazuka, uzio wa nyuma ulikuwa umelala, mifuko 14 ya saruji imelowa yote, na nusu ya msingi imefukiwa na mchanga mweupe, safi kabisa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayehamia huku, kama unaweza, njoo ukione kiwanja Januari au Februari, siku ya mvua, na mabuti yako. Kama ni lazima ununue kiangazi, usitazame mandhari, tazama alama. Mchanga uliochujika vizuri juu ya ardhi ni mchanga uliobebwa na maji. Angalia vichaka na uzio wa minyaa: ukikuta nyasi kavu, vitambaa na mifuko vimenasa kwenye matawi, vyote kwa urefu mmoja, pima pale kwa mguu wako. Kwangu vilikuwa vimenasa usawa wa goti na nilidhani ni upepo. Angalia pia mizizi ya miti iliyobaki wazi. Na udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa za kuingiza kiganja wakati wa jua, huvimba ukilowa na kupasua kuta. Ukiupenda, uwe tayari kuweka msingi wa gharama.

Halafu waulize wazee wa mahali, tena bila dalali kuwepo. Kuhusu sheria, ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kingo za mto. Mto wetu kuwa mkavu miezi saba hakuufanyi uwe barabara.

Mimi nilisogeza nyumba juu, nikainua msingi kwa mawe, na theluthi ya nyuma ya kiwanja nikaiachia maji. Nimepanda mkonge na minyaa ukingoni. Iliniuma, maana nililipia eneo lote, lakini sijajuta.

Kitu kingine ni paa. Weka gata kabla hata ya kupaka rangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa langu lina mita 90 za mraba. Mvua ya milimita 40 inanipa karibu lita 3,600, na hata ukitoa zinazopotea, simtanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua mbili. Ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inasafisha vumbi na vinyesi vya ndege. Mtu aliyekaa na mgao wa maji Oktoba ananielewa.

Asubuhi hii bibi amepita na jembe begani akitoka kwenye uwele wake. Aliupanda kwa kuberega, yaani bila kulima kwanza, kwenye vumbi, kabla ya tone la kwanza, na sasa umesimama. Ameniomba maji anawe miguu, nikamfungulia bomba la tangi. Akatazama korongo kwa muda, kisha akaniambia kuna kijana mgeni ng'ambo ya pili ameshusha tofali jana, karibu kabisa na ukingo.

Nimeshavaa mabuti. Naenda kumwona.