Ukitaka programu yako ya sauti ifike kwenye kila Linux

Nimekuwa nikirekodi kwaya kwa programu huria kwa miaka kadhaa sasa, na vijana wanaounda programu hizo huniuliza wazifunge kwa Flatpak, AppImage au Snap, yaani njia tatu za kufungasha programu pamoja na vitu inavyovihitaji, ili zitumike kwenye aina za Linux kama Debian, Fedora na Arch bila kuandaliwa upya kwa kila mfumo. Mimi huwajibu kwa swali: je, programu yako inapakia plagini za watu wengine, yaani vijiprogramu vya kuongezea ala au kurekebisha sauti?

Jambo hilo nililijua kwa taabu. Jioni moja, waimbaji wakiwa wameshajipanga mbele ya maikrofoni, nilifungua programu ya kurekodia niliyotoka kuisakinisha kwa Flatpak, nikakuta plagini zangu zote zilizo kwenye folda ya /usr/lib/lv2 hazionekani. Sababu ni kwamba programu iliyo ndani ya Flatpak huiona /usr ya mazingira yake yenyewe, wala si ya kompyuta, na plagini inazozitambua kwa kawaida ni zile zilizofungwa kama viendelezi vya Flatpak, tena kwa toleo linalolingana na mazingira hayo. Kwa kihariri cha sauti kinachojitegemea, mpangilio huo ni salama na ninaupenda. Kwa programu ya studio inayoishi kwa plagini, unamnyima mtumiaji vifaa vyake.

Kwa studio ya namna hiyo napendekeza AppImage, ambayo haiitengi programu na /usr ya kompyuta, njia ambayo LMMS, MuseScore na Audacity nazo huitumia. Ni faili moja ambalo mtu hulipatia ruhusa ya kuendeshwa na kulifungua, na akitaka humpa mwenzake kwenye flashi, jambo lenye uzito mkubwa kwetu tunaonunua bando, kwa kuwa Flatpak ya kwanza huja na mamia ya megabaiti za mazingira yake. Ila lijenge kwenye mfumo wa zamani kabisa unaokusudia kuuhudumia, maana programu iliyojengwa kwa glibc (maktaba ya msingi ambayo programu nyingi za Linux huitegemea) mpya mara nyingi hukataa kufunguka penye glibc ya zamani. Hakikisha pia kwamba halihitaji libfuse2, maktaba ambayo AppImage nyingi huitumia kujifungua, kwani Ubuntu haiisakinishi yenyewe tangu toleo la 22.04.

Snap nayo hufaa, mradi uwaeleze watumiaji mapema kwamba ruhusa ya kurekodi huenda wakalazimika kuiunganisha kwa mkono.

Plagini yenyewe usiifunge kwa lolote kati ya hayo. Itoe kama faili la kawaida lililobanwa, ambalo mtu atalifungulia ndani ya ~/.lv2 au ~/.vst3, folda za plagini za mtumiaji mwenyewe, na maktaba inazozihitaji uziunganishe ndani yake, kwa sababu plagini huendeshwa ndani ya programu mwenyeji, yaani ile inayoipakia: Qt (maktaba ya kuchorea madirisha na vitufe) za matoleo mawili zikikutana humo, programu nzima inaweza kuanguka na kuondoka na wimbo uliokuwa ukirekodiwa.

Kabla ya kutoa toleo, lipeleke kwenye kompyuta kuukuu isiyo yako, weka bafa (kipande cha sauti kinachochakatwa kwa mara moja) ya sampuli 128 kwa kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde, urekodi wimbo mzima, kisha usikilize kwa vipokea sauti kama kuna mahali panapokatika.