Ripoti ya MRI inasema ugonjwa "umebaki vile vile". Je, mionzi imekataa?

SWALI: Assalam aleikum daktari. Mamangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Wiki sita zilizopita alimaliza mionzi, ya nje na ya ndani, pamoja na kemo. Kabla ya tiba MRI ilipima uvimbe milimita 52. Ya juzi, aliyopigwa kituo kingine hapa hapa Mombasa, inasema 41, na mwisho ripoti imeandika kwamba ugonjwa umebaki vile vile. Nyumbani hatulali. Tiba imekataa? Na mara nyingine tukifanya CT, ambayo ni nafuu, haitoshi? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, na mama nampa pole. Kwa namba ulizoleta, sioni dalili ya tiba kukataa. Naona kipimo kilichofanywa mapema, kikaandikwa kwa lugha ya vigezo bila maelezo.

Vigezo hivyo, vya kuamua kama uvimbe umeitikia tiba, huitwa RECIST, na toleo linalotumika sana, la 1.1, ni la mwaka 2009. Hupima kipenyo kirefu zaidi cha uvimbe, basi. Kipenyo kikipungua asilimia 30 au zaidi, tunasema umeitikia tiba kwa sehemu. Kikiongezeka asilimia 20 juu ya kipimo kidogo kabisa kilichowahi kupatikana, na ongezeko lisiwe chini ya milimita 5, ugonjwa umeendelea. Kilicho katikati chote huandikwa "umebaki vile vile". Kutoka 52 hadi 41 ni pungufu ya asilimia 21, kwa hiyo mama kaangukia katikati. Lakini uvimbe una urefu, upana na kina. Ukiwa wa mviringo na umenywea sawasawa pande zote, kipenyo cha 41 badala ya 52 maana yake karibu nusu ya ujazo wake imeondoka. Ripoti haikusema uongo. Imesema kidogo mno.

Halafu kuna suala la muda. Seli iliyojeruhiwa na mionzi mara nyingi haifi siku hiyo. Hufa pale inapojaribu kugawanyika, na kazi hiyo huendelea wiki nyingi baada ya mashine kuzimwa. Katika wiki sita bado nyama imevimba kwa mionzi yenyewe, na kwenye picha za T2 (aina ya picha za MRI ambamo maji hung'aa) uvimbe huo wa maji huweza kung'aa ukafanana na saratani. Ndiyo maana MRI ya kutolea uamuzi kwa kawaida hupigwa kama miezi mitatu baada ya kumaliza tiba. Kufikia hapo kovu huwa limeanza kuonekana jeusi kwenye T2, ilhali saratani iliyosalia hubaki ya kijivu chenye mng'ao.

CT haitoshi kwa eneo hili. Ni nzuri kwa mapafu na tezi za mbali, lakini mlango wa kizazi, kovu na uvimbe huifanania mno. MRI ina kitu cha ziada: picha za mwendo wa maji. Palipojaa seli za saratani, maji hubanwa kama abiria wa feri ya Likoni saa moja asubuhi. Seli zikifa nafasi hupatikana, maji hutembea, na thamani iitwayo ADC, yaani kipimo cha wepesi wa maji kutembea, hupanda, wakati mwingine kabla uvimbe haujapungua hata milimita. Mng'ao kwenye picha hizo peke yake haumtii mtu hatiani; lazima usomwe pamoja na ramani ya ADC. Ripoti yenu haikutaja picha hizo? Muulizeni daktari wa mionzi kama zilipigwa.

Linalonikera ni hili la vituo viwili. Huenda mmoja kapima kwa picha ya ubavuni, mwingine kwa picha ya kukata mwili kimlalo, na vipande vya unene tofauti: milimita kadhaa zinaweza kutoka hapo tu. MRI ijayo fanyeni kituo kile kile ikiwezekana, na mwende na CD ya picha za mwanzo. Karatasi ya ripoti haipimiki. Ombeni picha zote mbili zilinganishwe na msomaji mmoja.

MRI ni sumaku kubwa, kwa hiyo siku yenyewe mama aache nyumbani pini za ushungi na hirizi ya kopo la chuma (huwa naziokota mlangoni), na aseme kama amewahi kuwekwa koili au chuma chochote mwilini. Figo zikiwa dhaifu ataje kabla ya kudungwa dawa ya kung'arisha picha.

Miezi mitatu isisubiriwe iwapo anatoka damu upya, mguu mmoja umevimba, mkojo umepungua au maumivu ya kiuno yanazidi. Hapo mrudisheni kwa daktari wake siku hiyo hiyo, na aangaliwe kama mirija ya mkojo imebanwa.